Mrembo, Usikimbie na Njaa

Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo nimekuja na mada ambayo pengine hukuitarajia kutoka kwa muuguzi: mashindano ya urembo. Usizime redio, baba. Na wewe mama unayechagua maharagwe, sogea karibu. Jambo hili linamhusu binti yako hata kama hajawahi kuota ndoto ya kuvaa taji.

Nikikuuliza malkia wa urembo huchaguliwa vipi, bila shaka utaniambia kwamba wasichana hutembea kwa madaha jukwaani, wakatabasamu, wakajibu swali moja au mawili, kisha majaji wakaamua. Hiyo ni kweli, lakini siku hizi katika mashindano ya kimataifa kuna jambo jingine. Warembo hukimbia. Huruka, hurusha na kutoka jasho mbele ya watu.

Tuchukue mfano wa shindano la Miss World. Lilianza mjini London mwaka wa 1951, na wakati huo lilikuwa shindano la mavazi ya kuogelea. Msichana alisimama, akatazamwa na kuhukumiwa kwa macho tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waandalizi waliongeza shindano dogo la michezo ndani ya lile kubwa. Kuanzia mwaka wa 2015 raundi ya mavazi ya kuogelea ikaondolewa, lakini michezo ikabaki. Msichana anayeshinda upande wa michezo hupewa nafasi ya moja kwa moja katika kundi linaloendelea mbele.

Mwezi wa Mei 2025, warembo zaidi ya 100 walikutana Hyderabad, nchini India. Siku ya michezo, katika uwanja wa Gachibowli, waliweka kando viatu virefu wakavaa raba. Walikimbia mbio fupi, wakacheza mpira wa vinyoya, wakarusha tufe. Aliyeshinda michezo alikuwa Eliise Randmaa wa Estonia. Taji lenyewe hatimaye lilikwenda kwa Opal Suchata Chuangsri wa Thailand. Sisi Wakenya pia si wageni katika shindano hilo. Mwaka wa 2016 Evelyn Njambi alifika katika watano bora, na mwaka wa 2017 Magline Jeruto akafanya vivyo hivyo.

Kama muuguzi, mimi nayaunga mkono mashindano haya ya michezo. Poda huweza kuficha chunusi na wanja huweza kupamba macho, lakini huwezi kupaka mapafu rangi. Ukikimbia, mwili husema ukweli wake. Kumwambia msichana kwamba nguvu ni sehemu ya uzuri ni ujumbe mwema.

Lakini, mpenzi msikilizaji, kuna hatari iliyojificha hapo, nami niliiona kwa macho yangu mwenyewe.

Asubuhi moja pikipiki ya bodaboda ilisimama mbele ya zahanati. Mama mmoja alishuka akiwa amemshikilia binti yake wa miaka 20 asianguke. Binti alikuwa amezimia uwanjani akifanya mazoezi ya mbio. Alikuwa akijiandaa kwa shindano la urembo la hapa kwetu. Waandalizi walikuwa wameona kwenye simu jinsi warembo wa dunia wanavyokimbia, nao wakaamua kwamba hapa pia kutakuwa na mbio za mita 400.

Tulimlaza, tukampima. Nilipokuwa nikiandika, yule mama alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Sista, huyu mtoto ananificha kitu. Miezi mitano sijaona dalili ya hedhi yake. Mpime mimba. Baba yake ameshasema akithibitisha, atamfukuza nyumbani."

Nilirudi kwa binti nikamwomba mama atupishe kidogo. Nilimweleza binti kipimo ninachotaka kufanya na sababu yake, naye akakubali. Machozi yalimtoka. Aliniambia, "Sista, mimi sijalala na mwanamume. Nimemwambia mama, hanisadiki."

Tukapima. Hakukuwa na mimba.

Sasa, ikiwa si mimba, ni nini kilichozuia hedhi kwa miezi mitano? Nilimweka kwenye mizani: kilo 46. Nilipima urefu wake: mita 1.68. Aliniambia nusu mwaka nyuma alikuwa na kilo 54. Damu yake ilikuwa 8.1, na mwanamke asiye mjamzito anapaswa kuwa na 12 au zaidi. Nilimuuliza alikula nini jana. Akafikiri kidogo, akasema, "Chai ya rangi asubuhi. Tufaha moja mchana. Jioni nilikunywa maji." Halafu alikuwa amekimbia asubuhi na jioni.

Nikamuuliza ni nani aliyempa mpango huo. Akasema mtu aliyekuwa akiwafundisha aliwaambia kwamba mwembamba ndiye hukimbia vizuri na ndiye hupendeza jukwaani, kwa hiyo kila kilo inayotoka ni ushindi mara mbili.

Mpenzi msikilizaji, hilo ndilo kosa ninalotaka tulizungumzie leo. Kujinyima chakula ni mzigo kwa mwili. Mazoezi makali ni mzigo mwingine. Ukiibeba mizigo hiyo miwili pamoja, mwili huanza kujila wenyewe.

Hebu nikueleze jinsi inavyokuwa. Mwili wako ni kama nyumba yenye gunia moja la unga. Kila siku unga huo unapikia moyo, ubongo, mapafu, joto la mwili, na kutengeneza damu na mifupa. Ukianza kukimbia, misuli nayo inadai sehemu yake, na sehemu kubwa. Ikiwa gunia halijazwi, mwenye nyumba hulazimika kuwanyima baadhi ya watu chakula. Moyo hawezi kuunyima, kwa maana utakufa. Basi huanza na kile anachoona kinaweza kungoja, nacho ni uzazi. Mwili wa msichana husema, "Sina chakula cha kunitosha mimi, nitambebaje mtoto?" Hedhi inapungua, kisha inakatika.

Wasichana wengi wanaojiandaa kwa mashindano hufurahi hedhi ikikatika. Husema wamepumzika na gharama ya pedi. Tafadhali, usifurahi. Hedhi ni kipimo cha afya ambacho Mungu amempa mwanamke bure. Ikikatika bila mimba, mwili unapiga kengele.

Hedhi ikikatika kwa sababu ya njaa, homoni ya estrojeni huwa imeshuka. Homoni hiyo ndiyo hulinda mifupa. Na mifupa hujengwa zaidi katika miaka ya ujana. Ukifika karibu miaka 30 huwa umemaliza kuweka akiba, na baada ya hapo ni kutumia tu. Msichana anayekaa mwaka mzima bila hedhi akikimbia kila siku anaweza kupata nyufa ndogo katika mifupa ya mguu. Maumivu huanza kidogo kidogo kwenye muundi au wayo, naye hudhani ni uchovu tu.

Haya si mambo ya kubuni. Madaktari wa michezo wameyaona kwa miaka mingi kwa wakimbiaji na wacheza dansi. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa ugonjwa huu jina jipya, ikausema wazi kuwa ni upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na kwamba huathiri moyo, damu, mifupa, kinga ya mwili, na hata hali ya akili. Huwapata wanaume pia.

Na upande wa urembo, ulimwengu ulijifunza kwa uchungu. Mwezi wa Agosti 2006, mjini Montevideo nchini Uruguay, mwanamitindo Luisel Ramos alifariki katika onyesho la mavazi, muda mfupi tu baada ya kutoka jukwaani. Moyo ulishindwa. Alikuwa na umri wa miaka 22 na alikuwa amejinyima chakula. Mwezi uliofuata waandalizi wa maonyesho ya mavazi mjini Madrid, Hispania, walikataa wanamitindo waliokonda kupita kiasi. Angalia vizuri: dada huyo alikuwa akitembea tu. Je, angeambiwa akimbie mita 400?

Sasa utaniuliza, "Sista, nitajuaje kama uzito wangu umeshuka mno?" Kuna hesabu rahisi kwa mtu mzima. Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu hilo ligawanye tena kwa urefu ule ule. Yule binti: 46 gawanya kwa 1.68, halafu tena kwa 1.68, inakuwa 16.3. Kiwango cha afya huanzia 18.5. Chini ya hapo umekonda kuliko inavyofaa. Lakini hesabu hii haitoshi peke yake. Unaweza kuwa na uzito mzuri na bado unakula kidogo kuliko mazoezi yako yanavyotaka. Ndiyo maana nasema, tazama hedhi yako.

Basi msichana anayetaka kushindana afanye nini? Simwambii aache. Namwambia ajiandae kama mwanamichezo, na mwanamichezo hula.

Kwanza, chakula. Kula mara tatu kwa siku, na uongeze kitu kidogo katikati. Huhitaji chakula cha hoteli. Asubuhi uji wa wimbi na viazi vitamu au nduma. Mchana githeri, au ugali na mboga na maharagwe. Jioni wali na ndengu, au chapati na omena. Yai, maziwa au mtindi vikipatikana, ni vizuri. Kula mlo wako saa mbili au tatu kabla ya mazoezi makali. Ikiwa unakimbia alfajiri, kula angalau ndizi mbivu moja. Ukimaliza kukimbia, usingoje mpaka jioni. Kula ndani ya saa moja.

Pili, damu. Mwanamke hupoteza madini ya chuma kila mwezi kwa hedhi. Bila madini hayo damu haibebi hewa ya kutosha, na hapo utaishiwa na pumzi hata ukipanda kilima kidogo. Kula managu, terere, kunde, maharagwe, omena, na maini ukiweza. Kamua ndimu juu ya mboga au kula chungwa, kwa maana husaidia mwili kuyachukua madini hayo. Na jambo moja ambalo Wakenya hatupendi kulisikia: chai wakati wa kula huzuia madini ya chuma. Ngoja saa moja baada ya chakula ndipo unywe chai yako.

Tatu, maji. Kunywa kabla, wakati na baada ya mazoezi. Tazama mkojo wako. Ukiwa na rangi ya majani makavu hafifu, uko sawa. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, umekaukiwa. Usithubutu kutumia dawa za kukojoza au za kuharisha ili mizani ishuke. Zinakutoa maji na chumvi, hazikutoi mafuta. Chumvi hizo ndizo huongoza mapigo ya moyo.

Nne, mazoezi yenyewe. Haraka haraka haina baraka. Anza angalau miezi miwili kabla. Wiki ya kwanza tembea kwa kasi dakika 30, siku tatu au nne. Wiki ya tatu changanya: dakika mbili unakimbia polepole, dakika mbili unatembea. Ongeza kidogo kila wiki. Mbio za kasi ziweke mwishoni, mwili ukiwa umezoea. Kila mara pasha mwili joto kwa dakika kumi kabla ya kuanza. Na pumzika angalau siku moja au mbili kwa wiki. Misuli hujengwa ukilala.

Tano, viatu. Hili warembo hulisahau. Msichana anayeshinda akivaa viatu vya kisigino kirefu kila siku, misuli ya nyuma ya mguu wake hufupika na mshipa ulio juu ya kisigino hukakamaa. Siku akivaa raba na kuchomoka mbio, mshipa huo huvutwa ghafla, unaweza hata kukatika. Basi wiki kadhaa kabla ya michezo punguza viatu virefu. Kila jioni simama kwenye ngazi, visigino vikining'inia nje, vishushe taratibu, hesabu hadi 30, rudia mara tatu. Vaa raba inayokutosha, na sidiria inayoshika vizuri.

Ukiteguka kifundo cha mguu, pumzisha mguu. Weka kitambaa chenye maji baridi au barafu iliyofungwa kwa nguo, dakika 15 hadi 20. Funga bandeji isiyobana sana. Inua mguu juu ya mto. Usisugue kwa maji moto siku ya kwanza, na usiruhusu mtu akuvute mguu eti anaurudisha. Kama huwezi kupiga hatua nne, nenda hospitali upigwe eksirei.

Na je, mtu akizimia uwanjani? Mlaze chali mahali penye kivuli, inua miguu yake, legeza nguo zinazobana, na waombe watu wasimzonge. Usimtie maji wala soda mdomoni kabla hajazinduka, anaweza kupaliwa akafa. Akizinduka vizuri, mpe kinywaji chenye sukari kidogo kidogo. Asipozinduka kwa dakika moja, tafuteni gari la hospitali mara moja. Asipokuwa akipumua vizuri, anza kumbonyeza kifua katikati kwa nguvu na kwa kasi, usiache, mpaka msaada ufike.

Tena sikiliza hili kwa makini: anayezimia akiwa katikati ya mbio, au anayehisi maumivu ya kifua au moyo kupiga ovyo, au ambaye ndugu yake alikufa ghafla akiwa kijana, asikimbie tena kabla ya kuonwa na daktari na kupimwa moyo.

Sasa niseme na wazazi. Mama, baba, hedhi ya binti yako ikikatika, usikimbilie fimbo. Usikimbilie maneno ya kumfukuza. Ni kweli mimba ipimwe kwanza, hilo hata sisi hulifanya. Lakini zipo sababu nyingine, na njaa ni mojawapo. Mlete kituo cha afya ikiwa miezi mitatu imepita. Mtazame mezani: anahamisha chakula kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine bila kula? Anasema kila siku ameshakula kwa rafiki? Anahisi baridi wengine wakiona joto? Nywele zinadondoka? Anajipima uzito mara tatu kwa siku? Zungumza naye kwa upole. Wengine huwa wamefikia hatua ya ugonjwa wa akili unaohitaji mshauri, na kumkemea hakusaidii. Mficha uchi hazai, lakini mtoto hatafunua lake kwa mtu anayempigia kelele.

Na ninyi waandalizi wa mashindano katika kaunti na vijiji vyetu, mkitaka kuiga michezo ya mashindano ya kimataifa, igeni yote. Waambieni wasichana mapema, si wiki mbili kabla. Wapimwe afya kabla ya kukimbia. Wekeni maji, kivuli na mtu anayejua huduma ya kwanza. Wapeni chakula siku hiyo. Mbio ziwe asubuhi, si saa saba jua likiwa utosini. Na asiwepo mtu wa kuwaagiza wasichana kupunguza kilo bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Najua mnangoja kusikia yule binti aliishia wapi. Nilimwita mama yake ndani, nikamwonyesha kipimo. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwambia binti yake, "Nisamehe, mwanangu." Tukampeleka hospitali kubwa kwa vipimo zaidi, akaanza vidonge vya kuongeza damu na kufuata mpango wa chakula. Shindano lile hakushiriki, na aliyekuwa akiwafundisha alimwambia ametupa bahati yake. Alilia sana. Mimi sikuweza kumwambia kwamba hakupoteza kitu. Alipoteza. Ilimchukua miezi saba kabla ya hedhi kurudi.

Lakini juzi nilikutana naye njiani saa kumi na mbili asubuhi, akikimbia polepole na raba zake. Alisimama kunisalimu. Nikamuuliza, "Umekula?" Akacheka, akatoa ganda la ndizi mfukoni.

Wapenzi wasikilizaji, kabla hatujaagana tukumbuke:

Nguvu ni sehemu ya uzuri, na nguvu hutoka kwenye chakula.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu, nenda kituo cha afya.

Mwili haujengwi kwa wiki mbili. Anza mapema, pumzika, kunywa maji.

Anayezimia akikimbia apimwe kabla ya kukimbia tena.

Mzazi, uliza kwanza, sikiliza, ndipo useme.

Ikiwa una swali, fika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, au umwone mhudumu wa afya wa kijiji chako. Hatutakucheka. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo wakati kama huu. Kwaherini, na chakula chema.